Uwanja Unateremkia Wapi

Nikisikia harufu ya karafuu zilizoanikwa, namkumbuka jirani yetu. Nilipokuwa mtoto alinikalisha kando ya mkeka wake wa karafuu, akanifundisha gofu ya mtandaoni kwenye simu yake, mchezo wa kupiga mpira uingie shimoni.

"Usilikodolee shimo, mwanangu. Tazama uwanja unateremkia wapi. Ukiteremkia kushoto, lenga kulia. Na shimo likiwa karibu, usipige kwa pupa."

Jirani alipofariki, baba alitukataza kutoka. "Si wa chama chetu. Wenzake watamzika."

Wenzake wa kisiasa mtaani kwetu walikuwa wachache. Jeneza lilipopita nilichungulia dirishani, nikaliona limeinamia kushoto, upande uliopungukiwa na mabega. Baba alisimama nyuma yangu, naye aliliona. Akafunga dirisha taratibu, na hatukutazamana.