Tuta la Mama Mkubwa

Je, wewe umewahi kupiga magoti ukamwomba Mungu basi la watu liharibike njiani?

Mama yangu mkubwa, Anjelina, aliomba hivyo miaka mingi, tena kanisani, wala hakuona haya. Alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara ya Dodoma kwenda Kondoa: mabenchi mawili, mafiga matatu, ugali wa uwele na mlenda, na nyama ya mbuzi siku za mnada. Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi. Mvua ikinyesha, korongo la kijijini linajaa, mabasi ya Kondoa na Babati yanapanga foleni, na abiria wanakula mpaka masufuria yanabaki meupe. Ritha, binti yake, alisomeshwa na korongo lile. Basi likikatika springi, Mama Mkubwa alimfariji dereva kwa maneno ya Biblia huku akiongeza maji kwenye chai.

Kisha lami ikaja.

Mimi niliishangilia kuliko wote. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimeandika tasnifu kuhusu barabara hiyohiyo, ile ambayo wakoloni walitaka itoke Cape mpaka Kairo, na nilijiona kama niliyeijenga kwa mikono yangu. Siku greda la mwisho lilipoondoka nilitoka Nkuhungu, mjini Dodoma, ninakopanga chumba, nikaja kuhutubia kijiji. Hakuna aliyenialika. Nilipanda juu ya kreti la soda nikaeleza safari ya binadamu tangu mabega ya wapagazi, reli ya Mjerumani, mpaka lami hii nyeusi, yetu wenyewe.

"Sasa mabasi yatasimama wapi?" Mama Mkubwa akaniuliza mbele ya watu.

"Mama, maendeleo hayasimami," nikamjibu.

Niliipenda sana sentensi ile. Niliiweka kwenye simu watu waisome. Madereva nao ni kama waliisoma, maana tangu hapo walipita hotelini kwake kama wanaofukuzwa na nyuki.

Mwaka jana Mama Mkubwa aliacha kupika nyama. Mwaka huu akanipigia simu. "Hoteli inakufa, mwanangu. Tukimaliza kuvuna hali ikiwa hivihivi, nafunga, nakuja kukaa na wewe huko mjini. Nimesikia chumba chako kina dirisha."

Nampenda Mama Mkubwa. Ila chumba ni kimoja, na yeye huanza nyimbo za kwaya kabla jogoo hajawika. Jioni ileile nikagundua kwamba haki za wanakijiji zimekanyagwa.

Mimi na Mama Mkubwa tukakubaliana tuombe tuta la barabarani. Basi likipunguza mwendo mbele ya hoteli, abiria watanusa chakula, watampigia kelele dereva asimame. Mpango ulikuwa mwepesi hivyo, nami nikaona aibu kuueleza kwa wepesi huo. Kwenye mkutano wa kijiji nilizungumzia wanafunzi wanaovuka barabara, damu ya wasio na hatia, na wajibu wa dola kwa mnyonge. Niligonga meza. Meza ilikuwa ya mwenyekiti, Mzee Elieza, na chai yake ikamwagika.

"Ni mtoto gani amegongwa?" akaniuliza akijifuta.

"Hajagongwa bado, Mzee."

"Bado? Kwani una ratiba?"

Watu wakacheka. Mama Mkubwa akasimama. "Mimi nataka kuuza chai. Hayo ya damu ni ya huyu msomi wangu."

Mikono yote ikanyooshwa. Ila maombi yalipopelekwa mjini, nilisisitiza yatumike maneno yangu, si ya kwake. Yake niliyaona hayana uzito.

Wahandisi waliokuja walikuwa watu makini. Kwa kuwa waliandikiwa habari za wanafunzi, walipofika waliuliza shule iko wapi.

Mimi nilifika Ijumaa, mchana, nimebeba keki ya kusherehekea. Tuta lilikuwa zuri, limepigwa mistari myeupe, na lilikuwa mbele ya shule, mbali kiasi kwamba kutoka hotelini ulilihisi tu kwa namna mabasi yalivyoinama. Yakishatoka pale yalipata nafasi ya kutosha ya kuchanganya moto, yakatupita na kutumwagia upepo kwenye keki.

"Watoto watavuka salama," alisema Mama Mkubwa. "Uliomba vizuri sana."

"Hatukubali, Mama. Kesho asubuhi nakaa katikati ya barabara mpaka walihamishe."

"Kaa pembeni kidogo. Malori ya vitunguu yakishika kasi hayasimami."

"Sitanii, Mama."

"Na mimi sitanii. Nani atakuzika wakati huu wa mavuno?"

Nikaandika bango kwenye ubavu wa boksi: TUTA LIRUDI KWA WANANCHI. Nikaenda kulala mapema, nikidhani mashujaa hulala mapema.

Kesho yake asubuhi nilitoka na bango langu nikakuta hoteli haipo. Kuku walikuwa wanachakura majivu. Mbele barabarani, mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Meshack ulikuwa umebeba mabati, nguzo na masufuria. Wanakwaya wawili walijitwisha meza. Mama Mkubwa alitangulia, kila mkono na chupa kubwa ya chai aliyoichemsha kabla ya kubomoa jiko. Walikuwa wanaelekea shuleni, kwenye kiwanja cha Paulina, rafiki yake wa kwaya, nje tu ya vigingi vya hifadhi ya barabara.

"Weka hilo boksi, ushike benchi," akaniambia.

Nikashika upande mmoja, Paulina mwingine. Tulipokaribia tuta, basi la Babati lilikuwa linakuja. Likapunguza mwendo, likapanda polepole, gurudumu kwa gurudumu. Dereva akachungulia dirishani, akaziona zile chupa, akasogeza basi pembeni na kuzima injini. Akashuka akiuliza kama kuna chapati, na kabla hajajibiwa akaketi kwenye benchi, ambalo mimi na Paulina tulikuwa hata hatujalitua.