Mchanga Chini ya Keki

Juzi, hapa Same, nilimwona jirani akitandaza mchanga kwenye sufuria kabla ya kuweka chombo cha keki juu yake. Nikanusa utoto wangu.

Shangazi aliyenilea kule milimani alioka keki kila sukari ilipofika duka la ujamaa. Wanawe walikula keki. Mimi nilipewa ganda jeusi lililoungua chini. "Hapa ndipo patamu," alisema, nami nikaamini.

Siku moja nilimsikia mke wa mchungaji akisema mchanga huzuia keki kuungua. Nikakimbia korongoni, nikauleta, nikautandaza mwenyewe ili shangazi afurahi. Keki ilitoka nzuri hadi chini. Nikasogea na sahani yangu.

"Leo haijaungua, mama," shangazi aliniambia, akifuta kisu. "Kwa hiyo huna chako."