Vyura Aliowaacha Maggie

Ngigi, fundi wa mabati wa Kamenu, hakuwa mtu wa vyura. Hapa Thika wengi wetu si watu wa vyura, lakini yeye alizidi. Mama yake alimlea akimwambia kwamba ukimshika chura utaota chunjua. Mikono yake ilikuwa imebeba kila kitu kingine, makovu ya mabati, sugu za nyundo, alama za moto, lakini chunjua alikuwa amezikwepa hadi uzeeni na hakuwa tayari kuzikaribisha sasa. Ndiyo maana siku binti yake wa pekee, Maggie, aliporudi kutoka chuoni Juja na kopo lenye vyura wawili wadogo wa nchi kavu, wale wa ngozi ya vipele, Ngigi alisimama mlangoni akaziba njia.

"Hao hawaingii."

"Baba, si uone vile ni wadogo. Hawafiki hata kidole gumba."

"Hata nyoka huanza mdogo."

Waliingia. Maggie hakuwa mtoto wa kuomba kitu mara mbili katika nyumba ile, na aliyemlea vibaya namna hiyo ni Ngigi mwenyewe. Msichana alisomea mambo ya wanyama, na vyura hao alikuwa amewaokota kwenye mtaro uliokuwa ukifukiwa karibu na hosteli yao ili pajengwe nyumba nyingine ya kupangisha. Mmoja alipenda kukaa ukingoni akitazama wanaopita kama mlinzi wa lango; akamwita Soja. Wa pili alikula mpaka macho yakadidimia, kisha akalala palepale alipokula. Huyo akamwita Mheshimiwa.

Kisha damu ya Maggie ikagoma. Madaktari walitaja majina marefu na Ngigi akashika jambo moja tu, kwamba mwili wa mtoto ulikuwa umeacha kutengeneza damu mpya. Alilazwa, na kutoka kitandani akawa anamtumia baba yake ujumbe wa sauti kwenye simu. Ungedhani angeanza na habari za dawa au maumivu. Alianza na vyura.

"Baba, maji ya mfereji usiwape hivyo tu. Iko na dawa ya kuua viini. Weka kwa beseni ilale, ndio uwape kesho."

Na mwingine: "Usiwawekee nyama, plis. Kama kitu haisongi, hawaioni. Tafuta wadudu wako hai."

Na mwingine, ambao Ngigi aliusikiliza mara nyingi kwa sababu ulimshangaza: "Chura hakunywi na mdomo, baba. Anakalia maji, na tumbo ndio inakunywa. Chenye anakalia kinaingia ndani yake. So usiwashike na mkono iko na sabuni."

Alikosea kama anavyokosea kila mwanagenzi. Mara ya kwanza aliwajazia karai la maji, akamkuta Mheshimiwa akitapatapa, maana chura wa namna ile si samaki. Mara ya pili aliwaweka dirishani wapate mwanga, jua nusura liwakaushe. Hapo ndipo ufundi ulipomwamka. Alitafuta vioo vya dirisha kuukuu, akawajengea nyumba yenye kifuniko cha wavu, akatandika udongo laini, akalaza kipande cha chungu kilichovunjika wapate pa kujificha, na kifuniko cha mkebe kikawa bwawa lao. Jioni alipita chini ya taa ya ploti akiokota nondo na nyenje, mzee mzima ameinama na kikombe mkononi. Barasa, jirani yake, hakuweza kulinyamazia jambo hilo.

"Fundi, siku hizi umekuwa kuku?"

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," Ngigi akamjibu. "Na hapa chura ni wewe."

Alipompelekea Maggie picha, msichana alicheka mpaka nesi akaja kuangalia. "Umewajengea mansion," akasema. Baadaye kicheko kikaisha, akamshika baba yake kidole.

"Nikienda, usiwarudishe kwa ule mtaro. Huko kulishajengwa."

"Huendi mahali."

"Baba."

"Nitakaa nao," Ngigi akasema. "Watakaa kwangu."

Maggie alikufa wakati wa mvua ndefu. Walimzika Kalimoni, kwenye shamba la ukoo linalotunzwa na Bedan, kaka yake Ngigi, kando ya kahawa. Watu waliimba, wakala, wakarudi makwao, kama watu wanavyorudi. Mtaani bado aliitwa Baba Maggie, na mkewe Waithira bado aliitwa Mama Maggie, kwa sababu ukishaitwa kwa jina la mtoto hakuna anayejua namna ya kukuvua. Kila Ngigi alipoitwa hivyo moyo wake ulikatika upya. Saa pekee ambayo jina lile lilimkaa sawa ilikuwa ile ya kuinua kifuniko cha wavu, Soja akageuza kichwa, na Mheshimiwa akaburura tumbo kuja kuona kumeletwa nini. Katika nyumba ile hakukuwa na kingine kilichopumua ambacho Maggie alikilisha kwa mkono wake.

Waithira hakuwagusa vyura. Yeye alikuwa na kaburi. Alipanda maua juu yake na kila alipopata nafasi alikwenda Kalimoni kuyapalilia, akikaa huko hadi alasiri akizungumza peke yake. Ngigi kaburini hakuweza kukaa, miguu ilimtoa. Ni kama waligawana mtoto: mama akachukua kaburi, baba akachukua vyura, na hakuna aliyeingilia sehemu ya mwenzake. Walipendana, lakini jambo hilo hawakulizungumza.

Mwaka ulipokaribia kuisha tangu mazishi na watu wa kanisa wakasema watakuja kuomba kaburini, Waithira alimwomba mumewe waende pamoja kusafisha. Ngigi akaenda. Maua yalimshtua, yalikuwa yamefika magotini, mekundu na manjano, na udongo chini yake ulikuwa mweusi na laini. Waithira alipoingia kunywa chai kwa mke wa Bedan, Ngigi alibaki amechuchumaa pale, na safari hii miguu haikumtoa.

Udongo wa vyura nyumbani ulikuwa umeanza kuota ukungu na kunuka; alikuwa akipanga kuubadilisha. Wazo lilimjia taratibu, likamkaa vizuri sana. Maggie aliwapenda wale wadogo, na hakuruhusiwa hata kuwaona hospitalini. Sasa wangelala katika udongo anamolala yeye. Akachota kwa mikono miwili, katikati ya maua, akajaza mfuko, akauficha chini ya koti. Hakumwambia mtu. Alikuwa amevuka mpaka akaingia sehemu ya mkewe, akaona ni afadhali avuke kimya.

Jioni hiyo alitupa udongo wa zamani, akatandika mpya, akaulowesha kwa maji yaliyolala kama alivyofundishwa. Akawaweka Soja na Mheshimiwa juu yake mmoja mmoja.

"Haya," akawaambia, "leo mtalala naye."

Usiku huo Ngigi alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mazishi.

Asubuhi Soja alikuwa ndani ya kifuniko cha mkebe, miguu imenyooka, tumbo jekundu kama lililounguzwa. Alikuwa amekimbilia majini. Mheshimiwa alikuwa amekwama kwenye kioo, amejisukuma hadi pembeni kabisa, nusu ya mwili wake nje ya udongo. Ngigi akawaosha kwa maji yaliyolala. Akawapulizia. Akawashika kiganjani jinsi alivyokatazwa, bila kuangalia kama mkono una sabuni, maana sasa hakukuwa na sababu ya kukataza. Akalia kwa sauti, mzee wa watu, akimwita Maggie.

Baadaye alimwaga udongo kwenye bati, akautandaza kwa kidole. Mtu aliyekulia kwenye kahawa hahitaji kuambiwa. Kulikuwa na punje ndogo nyeupe, nyingine zimeyeyuka nusu. Akaweka moja kwenye ulimi, ikamchoma. Mbolea ya dukani. Chenye anakalia kinaingia ndani yake. Maneno aliyajua kwa moyo, ila hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweka mbolea juu ya kaburi.

Waithira alimkuta amekaa kwenye stuli, vyura wamelala juu ya kitambaa magotini mwake.

"Wamekufa?"

"Wamekufa."

"Wote wawili?"

Ngigi akamsogezea kitambaa. Waithira akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza akanyoosha kidole akamgusa Soja mgongoni, polepole, kama mtu anayegusa jiko kuona kama bado lina moto.

"Ngai, Mungu wangu. Na vile nilikuwa nataka kukuambia siku ya maombi uwabebe, twende nao kwake waone maua. Si uliona vile yameshika? Nilienda nikaomba Bedan mbolea kidogo, nikaweka kila shina na mkono wangu. Nilikuwa naona ni kama namlisha." Akajipangusa macho kwa leso. "Angalau hiyo nimeweza. Sasa hawa, Baba Maggie, ni nini kiliwaua?"

Ngigi alimtazama mkewe usoni. Tangu mazishi hakuwa amemwona akitaja jambo lolote kwa fahari. Punje zilikuwa pale chini kando ya stuli yake, kwenye bati, jua likizipiga. Akasogeza mguu, akalisukuma bati chini ya meza.

"Ni baridi," akasema.

"Baridi na hii jua yote?"

"Baridi ya usiku. Hawa wadogo hawaiwezi."

Waithira akaamini. Kisha akasema, "Basi tuwapeleke kwake. Tuwazike hapo kwa maua."

Ngigi alitaka kukataa, akatafuta sababu akaikosa, maana sababu ya kweli ilikuwa moja tu na hiyo alikuwa ameisukuma chini ya meza. Siku ya maombi walitangulia Kalimoni kabla ya watu wa kanisa. Waithira alichagua mahali penye maua mazito zaidi. Ngigi akachimba kashimo. Vyura alikuwa amewafunga kwa kitambaa, juu yake plastiki, kisha akawatia kwenye kimkebe cha bati alichokiunda mwenyewe, akakilehemu kifuniko pande zote mpaka hata maji yasingepenya. Waithira alikichukua, akakigeuzageuza mkononi.

"Mbona umeziba hivi, kwani wataenda wapi?"

"Wasisikie baridi," Ngigi akasema, akaanza kufukia.