Akiba ya Mlango wa Friji

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hajawahi kutupa kitu. Vifungo, zipu za suruali zilizochakaa, vipande vya kitambaa visivyotosha hata leso, vyote vina makopo yake. Jengo zima linamwita Bi Akiba. Ukimcheka, anakujibu bila kuinua macho kwenye sindano: "Akiba haiozi, mwanangu. Cheka tu, kesho utakuja kuomba."

Na kweli walikuja, lakini si kwa vifungo. Kwenye mlango wa friji yake, chini ya mayai, zilijipanga chupa za dawa za watoto, zile za kuua bakteria, kila moja imebaki nusu au robo. Mtoto wa jirani akikohoa, mama anagonga: "Bi Akiba, huna ile ya rangi ya waridi?" Anayo. Mtoto akipata nafuu, kilichobaki kinarudishwa. Chupa zilipanda na kushuka ngazi kama watu, na hakuna aliyeona ajabu.

Mjukuu wake anamlea mwenyewe tangu mama yake aende kufanya kazi mbali. Huyo mtoto alisumbuliwa na sikio la kushoto. Likiuma, bibi anampa kijiko, na kesho kijiko. Maumivu yakikata, chupa inarudi mlangoni. "Keshapona, ya nini kumjaza madawa?" Hata mafua aliyatibu hivyohivyo. Nilimwambia dozi humalizwa. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza mimi nimelea wangapi. Sijazaa. Nikaendelea kukunja pindo alilonipa.

Halafu dawa ikagoma. Sikio likawa linatoa usaha unaonuka, na mtoto anajibu "Eeh?" kwa kila neno. Bi Akiba akajaribu chupa moja, akajaribu nyingine. Wapi! Hazikufua dafu. Ndipo tukaenda hospitali.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alichota usaha kwa kijiti cha pamba ukapelekwa maabara. Majibu yalipotoka hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama, bakteria hawa wamezizoea dawa za kawaida. Kila ulipokatiza dozi, wanyonge walikufa, sugu wakabaki wakazaana. Na dawa ya unga ikishatiwa maji haikai. Hizo za friji nyingi zilikwisha nguvu zamani."

"Nilikuwa naweka akiba," shangazi akasema.

"Najua, mama."

Mtoto akalazwa, akachomwa sindano za dawa kali zaidi. Pale kwenye benchi mgeni mmoja akajitia hekima: "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilimwambia afunge domo lake. Hasira zilinipanda, maana shangazi alikuwa amesikia.

Sindano zilifanya kazi, usaha ukakauka. Lakini ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka na vifupa vya ndani vimeliwa. Upande wa kushoto hasikii. Huenda upasuaji ukasaidia baadaye, daktari alisema, ila hakuahidi. Mlango wa friji sasa una mayai tu.

Juzi Mama Pacha wa ghorofa ya chini aligonga, mmoja wa wanawe mgongoni akilia, kajishika sikio. "Bi Akiba, niokoe. Huna hata kidogo?"

Shangazi akasimamisha cherehani. Mjukuu alikuwa amejilaza sakafuni akipanga vifungo, sikio la kulia kalizamisha kwenye rundo la vitambaa. Bibi akamwita. Akamwita tena kwa sauti ya kusikika hadi nje. Mtoto akaendelea kupanga vifungo, vyekundu huku, vyeupe kule.

"Umeona?" shangazi akasema. "Hiyo ndiyo akiba yangu. Mpeleke mwanao hospitali, na akipewa dawa, aimalize yote."

Mama Pacha akageuka na mwanawe. Shangazi akainama, akamgusa mjukuu begani, naye akainua kichwa akitabasamu.

"Eeh, bibi?"