Mwonaji wa Punda Waliopotea

Kwetu huku katika milima ya Efraimu, ukipotelewa na punda ulikwenda kwa Hadlai. Ulimpelekea mikate miwili, naye akafumba macho, akakuna ndevu, kisha akasema, "Kajaribu bonde la chini, kwenye michongoma." Mara nyingi punda alikuwepo. Mkewe, Zibia, alitunong'oneza kwamba mumewe alichunga punda miaka kumi na miwili, hivyo maficho yao anayajua yote.

Siku moja, Hadlai akipogoa mizabibu, neno la Bwana likamjia kwelikweli. Alirudi nyumbani mbio, kisu cha kupogolea bado mkononi.

"Nimetumwa kwa mzee Pedaya. Nimwambie arudishe jiwe la mpaka alilolisogeza kwenye shamba la mjane Naara."

"We Hadlai! Jua limekupiga?"

"Laiti lingekuwa jua, mke wangu."

"Kwani hakuna mwingine? Pedaya ana manabii wanne wanakula kwake kila siku!"

"Hao watasemaje na midomo imejaa?"

Akaenda langoni walipoketi wazee, akayasema yote kwa pumzi moja, macho kayafumba. Wale manabii wanne walicheka hadi wakashika mbavu.

"Rudi kwa punda wako, bwana!"

Pedaya akamfukuza.

Siku ya nne, punda jike wa Pedaya, yule wa kuendea sikukuu, akatoweka. Manabii wanne wakatabiri kwamba atarudi kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita. Pedaya akaja mwenyewe kwa Hadlai na mikate sita.

Hadlai akafumba macho, akakuna ndevu weee.

"Sijui," akasema.

"Hujui? Wewe?"

"Bwana kaniambia habari ya jiwe tu, mzee wangu. Ya punda hajasema."

Pedaya akabadilika uso. Alasiri ile tulimwona akilisukuma jiwe lirudi mahali pake, jasho likimtiririka, na manabii wake wanne wakimsaidia kwa kuimba. Kesho yake punda akarudi mwenyewe, katapakaa matope hadi masikioni.

Tangu hapo watu wakaacha kumwendea Hadlai, wakihofia atafumba macho aone mengine. Mikate ikakatika. Zibia alinung'unika mpaka mavuno, Naara alipowaletea kapu zima la zabibu kavu.

"Kumbe unabii nao una chakula," alisema Zibia, akitafuna.

"Kila asubuhi namwomba Bwana atafute mtu mwingine," akajibu Hadlai.

Lakini viatu vyake sasa anaviweka mlangoni, tayari akitumwa tena.