Umekubali Nini?

Enzi zetu kule Kabazi, mtoto hakuruhusiwa kujibu "sawa" na kuondoka. Sawa ilikuwa ya wakubwa. Mama akikutuma, ulisimama mbele yake mikono nyuma, ukamrudishia kazi aliyokupa: "Nimesikia, mami. Naenda kufunga ndama, halafu nilete kuni." Ukisahau kuni, aliuliza, "Umekubali nini?" nawe ukaanza upya. Baadaye hukuwa na pa kujificha. Hungeweza kusema hukusikia, kwa sababu ulikuwa umetamka kwa mdomo wako, na ndugu zako walikuwa wamekusikia na walikuwa wakingoja kwa hamu uchapwe.

Tulikua hivyo, katika baridi ile ya asubuhi, wakati ukungu ulipanda kutoka bonde la Subukia ukaingia hadi jikoni, ukachanganyika na moshi wa kuni na harufu ya maziwa yaliyofurika sufuriani. Hata michezo yetu ilifuata sheria ya mama. Tulipocheza kalongolongo nyuma ya nyumba ya kuku, aliyetaka kuwa baba alitangaza mbele ya wote, "Mimi ni baba, nitaleta nyama." Nyama yenyewe ilikuwa majani ya viazi. Asipoleta, mkewe alimwacha kabla ugali wa matope haujakauka. Mimi niliachwa mara nyingi. Nilikuwa baba wa maneno mengi na nyama kidogo, na naona ndivyo nilivyoishia kuwa mhadhiri.

Wazee nao walikuwa vivyo hivyo. Jumapili baada ya kanisa, majirani walikuja kuketi na baba kwenye viti vya mbao, chai ikiwa katika vikombe vya bati vilivyochoma midomo. Nakumbuka walipozungumza juu ya njia ya ng'ombe kwenda josho. Ilichukua mchana mzima. Kila mzee aliinuka akasema alichokubali: "Mimi nimekubali njia ipite kwangu, upande ule wa miti ya miwati." Aliyejaribu kupita kwa kuitikia kwa kichwa, baba alimwambia, "Kutikisa kichwa hata kondoo anaweza. Ongea." Sisi watoto tulikuwa tumejibanza mlangoni tukilaani kila mzee aliyeinuka, maana githeri haikupakuliwa mpaka wamalize. Lakini njia ile ipo hadi leo, na hakuna aliyewahi kuigombania.

Sasa tazama tulipofika. Binti yangu akiambiwa na mamake aanike nguo, anajibu kwa simu kutoka chumba cha pili: "K." Herufi moja! Nilimuuliza zile nyingine zimekwenda wapi, akaniambia, "Daddy, wacha stress." Rafiki zake wana "form", wana "fiti", wana "iko sawa", na nguo bado ziko kwenye beseni. Ningewasamehe hawa kwa sababu ya umri. Wanaonikera hasa ni wenzangu, watu wazima wenye miwani na vitambi, tuliolelewa na akina mama wale wale.

Mwezi uliopita kaka yangu Kamau, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, aliandika kwenye kundi letu la familia la WhatsApp: "Mum amezeeka. Nimeonelea ahamie kwangu. Ng'ombe tutampa mtu. Jumamosi nakuja na pikapu. Tuko sawa?" Dada yetu Njeri, aliyeko Eldoret, akaweka kidole gumba. Kitinda mimba wetu aliyeko Qatar akaweka vidole viwili na mikono ya maombi. Mimi nilikuwa darasani. Nilipotoka nikakuta Kamau amefunga kikao: "Basi tumekubaliana."

Tumekubaliana! Nani na nani? Mama hayumo hata kwenye hilo kundi. Simu yake ni ile ndogo ya tochi, mulika mwizi. Nilimpigia Kamau, akaniambia, "Prof, usianze lecture," akakata.

Jumamosi nilipofika Kabazi, viti vya sebuleni vilikuwa tayari juu ya pikapu, vitambaa vyake vya kufumwa vikipepea. Kamau alikuwa akivuta kamba. Njeri alikuwa amefika pia, anakunja blanketi. Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni akimenya minji, njegere za shambani kwake, kana kwamba wanaohamishwa ni majirani.

"Kamau," akasema bila kuinua macho. "Nasikia mmekubaliana."

"Eeh, mami. Wote wamekubali."

"Nionyeshe."

Kamau akampa simu. Mama akaishika mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Hizi ni vidole."

"Ndio kukubali, mami. Siku hizi ni hivyo."

"Haya. Njeri, kuja hapa. Wewe umekubali nini?"

Dada yangu ni naibu wa mwalimu mkuu. Shule nzima huinuka anapoingia. Aliweka blanketi chini, na nikaona mikono yake ikienda nyuma yenyewe.

"Si ni vile Kamau alisema, mami."

"Kamau nitamuuliza yake. Wewe sema yako."

"Nimekubali utoke..."

"Sijasikia. Nitoke wapi? Na ng'ombe wangu Mweru apewe nani? Na baba yenu mliyemzika hapo chini kwa miwati, mmekubali abaki na nani?"

Njeri akaanza kulia. Kamau akaachilia kamba, uso umemwiva. "Mami, ulianguka juzi kwa boma! Jirani ndiye alikuokota. Ukianguka tena na hakuna mtu? Mimi ndio nitaulizwa!"

Mama akaacha minji. "Sasa hiyo ndio maneno," akasema, kwa upole ambao sikuutarajia. "Hiyo ungekuja ukae hapa uniambie. Ningekuambia naogopa, hata mimi. Lakini huko kwako nitakaa kwa kiti nikiangalia geti mpaka nife. Unataka hiyo? Kama unataka, sema, nipande gari."

Kamau alisimama pale ameshika kiti kwa mkono mmoja. Halafu akaanza kufungua kamba, nami nikaenda upande wa pili kupokea.

Ungedhani tulijifunza. Siku iliyofuata Kamau akaandika: "Mum anabaki. Anahitaji mtu wa kukaa naye wikendi na kukamua. Tuko pamoja?" Vidole vikamiminika. Qatar ikatuma moyo. Nikaandika, "Nani? Wikendi gani?" Alama za bluu zikaonyesha kila mtu amesoma.

Nilikasirika hadi chai ikapoa mkononi. Wazazi wetu hawakuwa na simu, wengine hawakujua kusoma, na bado ulijua nani angetokea shambani kwako alfajiri na jembe begani, kwa sababu alikuwa amekutazama usoni akakwambia. Sisi tuna njia zaidi ya mia za kusema ndiyo, na mama mzee anaamka peke yake kukamua.

Nikaliacha kundi, nikampigia mama mwenyewe.

"Mami, nakuja Ijumaa jioni. Nitalala hapo. Nitakamua Jumamosi na Jumapili, asubuhi na jioni. Na hiyo wikendi nyingine pia nitakuja."

Upande wa pili nilisikia kuku, na ndoo ikiwekwa chini.

"Unajua kukamua bado?"

"Sidhani, mami."

"Haya, kuja. Lakini ukate kucha. Mweru hapendi kukwaruzwa."