Angalia Risiti

Mpwa wangu wa kike ni fundi wa simu za ofisini, zile zinazopita kwenye intaneti. Kwa wembamba wake nyumbani tunamwita Penseli. Akili alirithi kwangu. Mama yake, dada yangu, anabisha, lakini huyo hubisha hata na saa ya ukutani. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha.

Siku moja simu za ofisi yao ya bima ziliziba masikio. Mteja akipiga, anawasikia vizuri; wao hawamsikii ng'o. Wahudumu wakadhani laini imekufa, wakaachia midomo: "Huyu naye kapiga halafu kanyamaza kama gogo!" Kumbe gogo linasikia kila neno. Ilipofika saa sita mchana malalamiko yalikuwa yamemfikia bosi, naye akampa Penseli onyo la mwisho: zisipopona kabla ya saa kumi, abebe begi lake aende. Na begi hilohilo ndilo linalomnunulia dada yangu dawa za presha.

Akanipigia kwa simu ya mezani. "Mjomba, usikate. Wewe ongea tu, hata upuuzi, nijue nikianza kusikia."

Kuniomba mimi niongee! Nikaongea. Nikamsimulia nilivyomshinda mwalimu wa hesabu kwa hesabu zake mwenyewe. Upande wake nilisikia akibadilisha waya, akibadilisha mkono wa simu, akizima, akiwasha.

"Mjomba, upo?"

"Nipo!"

"Mjomba?"

"Nipo, mama!"

Wapi. Saa nane ikapita, ikaja saa tisa. Sauti yake ikaanza kukatika. "Humu ndani tunasikiana vizuri. Sauti ya nje tu ndiyo inagoma kuingia. Na kisanduku cha intaneti nilikipanga mwenyewe, mlango wa sauti niliuacha wazi. Mungu wangu, nimekosea wapi?" Kisha kwikwi. Maishani mwangu sijawahi kukosa la kusema. Siku hiyo nilikuwa nalo, ila halikuwa na pa kupita.

Akaenda chumba cha pili, mkono wa simu akauacha mezani. Nikasikia wahudumu wawili wakinong'ona.

"Mwambie basi."

"Nimwambie nifukuzwe mimi? Asubuhi intaneti ilikuwa inakwama, nikakichokoa kile kitundu cha kisanduku kwa pini ya mtandio. Taa zikazima zote, zikawaka upya."

Nikaruka kitini. Hata mimi wa darasa la sita najua: kitundu hicho kikichokolewa, kisanduku husahau kila kilichofundishwa. Wenyewe wanaita riseti. Nikapiga kelele, "Pini! Pini!" kama mchuuzi. Nani anisikie? Nikaiweka simu kwenye spika, nikamwandikia ujumbe kwa elimu niliyo nayo: ANGALIA WAMEFANYA RISITI.

Akarudi. Nikasikia simu yake ya mkononi ikilia, kisha akausoma.

"Risiti? Mjomba jamani! Mimi nazama, yeye ananiletea habari za risiti?" Akaangua kilio.

Saa kumi kasoro dakika ishirini. Nikaandika tena: SI YA DUKANI. KITUNDU. KISANDUKU. PINI YA MTANDIO.

Kiti kikaanguka. Viatu vikakimbia, kibodi ikalia. Bosi akauliza, "Bado dakika ngapi?"

Mimi niliendelea kuongea, maana ndiyo kazi niliyopewa. Lakini visa vyangu vyote vilikuwa vimekwisha, hata cha mwalimu wa hesabu. Nikabaki nasema neno moja, pua inachuruzika: "Msimfukuze, bwana. Mtoto wetu huyo. Msimfukuze."

"Mjomba," akasema taratibu. "Mbona unalia?"

Nikamwambia laini yao bado mbovu.